Udhibiti wa protini zinazopanga upya kromatini: upi uufanyie tasnifu ukiwa Dar?

Mwanafunzi wa uzamili akishaamua kwamba atafanya epijenetiki, yaani namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila DNA kubadilika, kazi bado mbichi. Akija na neno "kromatini" kwa msimamizi atarudishwa akapunguze mada. Akirudi na "protini zinazopanga upya kromatini" ataulizwa: upande gani? Makala haya ni kwa aliyekwama hapo, yuko Muhimbili, Mlimani au taasisi nyingine ya jiji hili, na anataka kujua namna seli inavyozitawala protini hizo. Njia ni nyingi. Nimechukua tano nizipime kwa vigezo vilevile.

Tuweke msingi kwanza. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa inafika karibu mita 2, na yote imekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Inazungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, na mchanganyiko huo wa DNA na protini ndio kromatini: histoni 8 pamoja na jozi-besi 147 hivi za DNA zinafanya nukleosomu moja. Jeni ikifunikwa na nukleosomu haisomeki kirahisi, na hapo ndipo zinapoingia hizi protini ambazo maabara tunaziita rimodela. Zinachoma ATP, molekuli ya nishati ya seli, ili kusogeza nukleosomu, kuing'oa, au kubadilisha histoni zilizomo. Familia kubwa ni nne: SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80. Familia ya kwanza iligunduliwa kupitia hamira zilizokuwa na kasoro, zikiwemo zilizoshindwa kutumia sukrosi. Leo tunajua kwamba takribani moja ya tano ya saratani za binadamu zina mabadiliko ya jeni kwenye SWI/SNF, na kwamba CHD7 ikiharibika mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa CHARGE, unaogusa macho, moyo na masikio.

Kitu chenye nguvu kiasi hicho seli haikiachi kizurure. Swali ni inakishika wapi.

Vigezo

Cha kwanza ni swali lenyewe. Kuuliza rimodela zipo kiasi gani si sawa na kuuliza zimeundwa na nini, wala si sawa na kuuliza nini kinaziamsha. Wengi hukwama kwa sababu wamechanganya maswali mawili kwenye kichwa kimoja cha tasnifu.

Cha pili ni vyombo. Je, kazi yote itaisha kwa vitu vinavyopatikana mjini, yaani PCR, jeli, inkubeta na mashine ya kusomea ELISA, au ni lazima sampuli zipande ndege?

Cha tatu ni baridi, na hiki wageni hukidharau. Kitendanishi kinachotaka nyuzi -80 kina safari mbili hatari: ya kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye friji yako, na ya usiku ambao umeme umekatika na jenereta haijawaka. Barafu kavu haisubiri karatasi za forodha zikamilike.

Cha nne ni uzito wa ushahidi. Mwishoni utaweza kusema "hiki kimesababisha kile", au utaishia kusema "hivi viwili vimeonekana pamoja"? Zote ni tasnifu halali, ila zinaandikwa tofauti.

Cha tano ni vibali. Sampuli za wagonjwa zinataka kibali cha maadili, na zikitoka nje ya nchi zinataka mkataba wa kuhamisha sampuli. Hamira haina bodi ya maadili, ingawa ikiwa imebadilishwa jeni ina taratibu zake za usalama. Ziulizie chuoni mapema.

1. Kiasi: kutengenezwa na kuvunjwa

*Swali lake.* Rimodela zimeongezeka au zimepungua, na kwa nini? Jeni inaweza kuzimwa, mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) inaweza kukatwa, au protini yenyewe ikabandikwa alama iitwayo ubikuitini na kupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, ikavunjwevunjwe.

*Vyombo.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. RT-qPCR ya kupima kiasi cha mRNA, westani bloti ya kuitambua protini kutoka kwenye jeli kwa kingamwili, basi. Ukitaka kujua protini inadumu muda gani, unasimamisha utengenezaji kwa saikloheksimaidi na kuchukua sampuli kila baada ya muda. Ukiweka na dawa inayozuia proteasomu, unajua kama kupungua kulitokana na kuvunjwa.

*Inapokwamia.* mRNA ikipanda si lazima protini ipande. Chukua BAF57, mmoja wa wanakikosi wa SWI/SNF: akikosa wenzake BAF155 na BAF170 wa kushikamana nao, anavunjwa, hata kama jeni yake inasomwa vizuri. Na protini ikipanda si lazima kazi ipande. Kuna seli za saratani ambazo jeni ya BRM, injini ya SWI/SNF, haijaharibika ila imezimwa. Dawa zinazozuia kuondolewa kwa asetili, kibandiko kidogo cha kemikali kwenye protini, huirudisha, watu wakashangilia, halafu ikaonekana dawa hizohizo zinaiacha protini ya BRM yenyewe ikiwa na asetili, na BRM ya namna hiyo haifanyi kazi yake. Kwa hiyo nikiona tasnifu yenye RT-qPCR peke yake na kichwa kinachosema "udhibiti", nakunja uso. Weka walau westani.

*Inamfaa* mwenye muda mfupi, bajeti ndogo na seli zinazokua vizuri. Kingamwili nyingi husafiri kwa vifuko vya barafu vya kawaida, si barafu kavu, kwa hiyo kigezo cha baridi kinapita.

2. Kikosi: nani yumo, nani ametolewa

*Swali lake.* SWI/SNF ya binadamu si protini moja. Ni kikosi cha wajumbe kumi na zaidi, wanaochaguliwa kutoka jeni 29 hivi, na nafasi nyingi zina wagombea zaidi ya mmoja. Seli inabadilisha kazi kwa kubadilisha wachezaji, kama kocha anayemtoa beki na kuingiza winga huku kipa akibaki yuleyule. Mfano ulio wazi ni ubongo. Seli mama ya neva ina BAF53a na BAF45a. Ikiacha kugawanyika na kuwa neva kamili, hao wanatoka, wanaingia BAF53b pamoja na BAF45b au BAF45c. Anayemtoa BAF53a ni RNA mbili ndogo sana, miR-9* na miR-124, ambazo huzuia mRNA yake isitafsiriwe. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ukiziweka RNA hizo kwenye seli za ngozi ya binadamu zinaweza kuzielekeza zigeuke kuwa neva.

*Vyombo.* Hapa kuna njia mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni kukivuta kikosi chote kwa kingamwili ya mjumbe mmoja, kisha kuwatambua waliokuja naye. Ukitaka kuwatambua wote kwa pamoja unahitaji spektromita ya masi, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, na hapo mazungumzo ya ushirika na maabara nyingine yanaanza.

Ya pili haitaki hata seli hai. Idara ya patholojia inayopaka kingamwili kwenye vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta inaweza kukuonyesha mjumbe aliyekosekana. Tazama SMARCB1, mjumbe wa SWI/SNF ambaye wanapatholojia wanamwita INI1. Kwenye slaidi ya uvimbe wa rabdoidi, saratani ya watoto, viini vya seli za saratani vinabaki buluu, havina rangi ya kahawia inayoonyesha kwamba kingamwili imeshika. Pembeni yake, viini vya kuta za mishipa ya damu na vya limfosaiti vimekolea kahawia. Hizo ndizo kontroli zako, ziko ndani ya slaidi hiyohiyo. Vikikosa kahawia navyo, tatizo ni upakaji wala si uvimbe, rudia. Ni kazi inayofanyika kwa hadubini ya kawaida na bloku zilizokwisha kukaa kabatini miaka.

*Inapokwamia.* Slaidi inakwambia mjumbe hayupo. Haikwambii aliondolewa na udhibiti wa kawaida wa seli au jeni yake imekatika. Hayo ni mambo mawili. Uvimbe wa rabdoidi ni wa jeni iliyoharibika, si wa seli iliyobadili mpango. Ukichanganya, mtahini wa nje atakukamata kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuna pia njia ya kompyuta. Majedwali ya data za saratani yaliyo wazi kwa umma yanapakuliwa kwa bando la kawaida. Ni mafaili ghafi ndiyo makubwa. Ni kwa kuchimba data za seli za aina hiyo ndipo ilipogundulika kwamba saratani zilizopoteza ARID1A, mjumbe mwingine wa SWI/SNF, zinamtegemea pacha wake ARID1B ili ziishi. Ila kumbuka kwamba wagonjwa wengi kwenye hifadhidata hizo wana asili ya Ulaya, na hilo liandikwe kwenye mipaka ya utafiti wako.

*Inamfaa* daktari anayesomea patholojia, mwenye uhusiano na hospitali ya saratani ya Ocean Road au Muhimbili na uvumilivu wa kusubiri kibali. Inamfaa pia anayejua kuandika kodi kuliko kushika pipeti.

3. Kujizuia: breki iliyojengwa ndani ya protini

*Swali lake.* Rimodela inajuaje kwamba imefika kwenye nukleosomu halali, isichome ATP bure? Jibu ni kwamba nyingi zina kipande chao wenyewe kinachozizuia. ISWI ina kipande kiitwacho AutoN kinachofanana na sehemu ya mkia wa histoni H4. Mkia halisi ukifika, breki inalegea. Ina na kipande cha pili, NegC, kinachokagua kama kuna DNA ya kutosha kati ya nukleosomu na nukleosomu. Chd1 hutumia sehemu zake ziitwazo kromodomeni kuziba mahali DNA inapotakiwa kukaa. ALC1, rimodela nyingine, imefungwa na sehemu yake iitwayo domeni ya makro hadi DNA ivunjike mahali fulani na kimeng'enya PARP1 kitandaze minyororo ya kemikali iitwayo PAR. Domeni hiyo ikishika minyororo, injini inaachiwa.

Kwa maoni yangu hii ndiyo yenye uzuri kuliko zote. Pia ndiyo inayotoa ushahidi mzito, kwa sababu kwenye tyubu una vitu unavyovijua vyote: protini, nukleosomu, ATP. Ukikata AutoN na kasi ikapanda, hakuna wa kumsingizia.

*Vyombo.* Kila kitu kinategemea umechagua rimodela gani. Chd1 ya hamira na ISWI ya nzi wa matunda zinatengenezeka ndani ya bakteria E. coli. Kikosi kizima cha SWI/SNF hakitengenezeki hivyo, usijaribu. Nukleosomu unaziunda mwenyewe kwa histoni na kipande cha DNA kiitwacho 601, kilichotoka maabara ya Jonathan Widom mwaka 1998 na ambacho hushika histoni kwa nguvu. Kusogea kwake unakuona kwenye jeli isiyo na sabuni, na uchomaji wa ATP unaupima kwa malakaiti kijani, rangi inayobadilika ikikutana na fosfeti. Angalizo moja: chupa iliyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti itakupa kijani hata kabla hujaweka protini.

*Inapokwamia.* Usafishaji wa protini. Unataka koloni za kusafishia, chumba cha baridi na mkono uliozoea. Protini ikifa njiani, wiki kadhaa zimekwenda. Na majibu ya kwenye tyubu hayasemi kama ndani ya seli mambo yako vilevile.

*Inamfaa* mwenye msimamizi wa baiokemia aliyewahi kusafisha protini kwa mikono yake. Kama hayupo, iache.

4. Alama za kemikali

*Swali lake.* Nini kinabadilika kwa dakika, bila kungoja protini mpya? Seli inabandika fosfeti au asetili kwenye rimodela iliyopo tayari. Wakati wa kugawanyika, BRG1, injini nyingine ya SWI/SNF, inapata fosfeti na kukaa mbali na kromosomu zilizojikaza. Fosfeti ikitolewa, inarudi kazini. DNA ikiharibika kwenye hamira, Mec1 na Tel1, ambazo ni kinase, yaani vimeng'enya vya kubandika fosfeti, zinabandika fosfeti kwenye Ies4, mjumbe wa INO80. Asetili ina mchezo wake: kimeng'enya Gcn5 kikiibandika kwenye Rsc4, mjumbe wa rimodela RSC ya hamira, bromodomeni ya Rsc4, yaani sehemu inayoshika asetili, inageuka na kushika asetili ya mwilini mwake, ikashindwa kushika ile ya histoni.

*Vyombo.* Kugundua alama mpya kunataka spektromita ya masi. Kufuatilia alama inayojulikana kunataka kingamwili maalumu au jeli inayochelewesha protini zenye fosfeti. Kwenye hamira unaweza kukwepa vyote: badilisha asidi amino inayobandikwa, ukuze, utazame kama inaishi kwenye dawa inayoharibu DNA. Sahani za agari na macho yako.

*Inapokwamia.* Fosfeti zinadondoka haraka seli ikipasuliwa. Bila vizuizi vya fosfatesi na barafu ya uhakika mezani, utaripoti kwamba alama haipo wakati uliifuta mwenyewe.

*Inamfaa* anayetaka swali dogo lenye jibu la ndiyo au hapana, na aliye tayari kutumia alama iliyokwisha kuchapishwa badala ya kuwinda mpya.

5. Ishara za lishe: inositoli fosfeti

*Swali lake.* Rimodela inapataje habari za hali ya seli? Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba molekuli ndogo zitokanazo na inositoli zinazigusa rimodela moja kwa moja kwenye tyubu: IP6 huzizuia NURF, ISW2 na INO80, ilhali IP4 na IP5 huichochea SWI/SNF. IP6 ndiyo faiteti, ileile ambayo wataalamu wa lishe wanailaumu kwenye maharage na mahindi kwa kushika madini ya chuma na zinki. Hii ya kwenye kiini lakini haitoki sahanini, seli inajitengenezea.

*Vyombo.* Hapa ndipo Dar inapata bahati. Hamira ya maabara inataka nyuzi 30, inagawanyika kila dakika 90 hivi, na ina jeni iitwayo PHO5. Fosfeti ikiisha kwenye chakula chake, nukleosomu zilizoziba promota ya PHO5, swichi ya jeni hiyo, zinaondolewa, jeni inafunguka, na kimeng'enya chake cha kukata fosfeti kinatolewa hadi kwenye ukuta wa seli. Kwa kuwa kiko nje, huhitaji kupasua chochote. Unaosha seli, unaziweka kwenye bafa yenye asidi, unaongeza p-nitrofenili fosfeti, unasubiri, kisha unasimamisha kwa sodiamu haidroksaidi. Palepale kisima cha sahani ya kupimia kinakuwa njano. Mashine ya ELISA iliyo kwenye maabara nyingi za hospitali inasoma nanomita 405, na hiyo inatosha. Linganisha hamira ya kawaida na isiyo na ARG82, kinase inayotengeneza IP4 na IP5, na utaona tofauti kwa macho kabla hata ya kuwasha mashine.

Hamira ya dukani ya kupikia mandazi ni spishi hiyohiyo, Saccharomyces cerevisiae, lakini usiifanyie utafiti huu. Hujui jenomu yake, na mara nyingi ina nakala zaidi ya mbili za kila kromosomu. Agiza aina za maabara.

*Inapokwamia.* Njano inakwambia mlango umefunguka, haikwambii nani kaufungua. Inositoli zenye fosfeti za ziada huigusa pia Pho81, inayodhibiti kinase ya njia hiyohiyo ya PHO5, kwa hiyo mabadiliko yanaweza kupita njia nyingine bila kugusa rimodela. Arg82 nayo ina kazi kwenye jeni za arginini isiyohitaji ukinase wake. Dawa yake ni kuongeza hamira ya tatu, yenye Arg82 iliyouawa ukinase tu. Bila hiyo kontroli, hoja yako ina tundu.

*Inamfaa* anayetaka kuanza na kumaliza kazi hapahapa mjini, na asiyeona aibu kwamba matokeo yake ni ya hamira na si ya mgonjwa.

Kwa hali yako

Ukiwa na miezi michache na benchi la kawaida, chagua kati ya kiasi na lishe. Kiasi kama tayari una seli za binadamu zinazokua na kingamwili iliyokwisha kujaribiwa. Lishe kama unaanza na meza tupu.

Ukiwa kliniki na una bloku za wagonjwa, nenda kwenye kikosi, ila andika andiko lako kwa lugha ya "upotevu wa mjumbe" hadi uwe na data ya jeni.

Ukiwa unajiandaa na shahada ya uzamivu na una msimamizi wa protini, kujizuia kutakulipa zaidi, kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza hutadai matokeo. Ukiwa na mshirika nje mwenye spektromita ya masi, alama za kemikali zinaingia akilini. Kubaliana naye kwanza nani atalipia usafirishaji, na jina la nani litatangulia kwenye makala.

Na kama uko kwenye malaria, kwa mfano unafanya kazi na watu wa taasisi ya utafiti ya Ifakara, usilazimike kuhamia saratani. Plasmodium falciparum ina rimodela zake, mmojawapo ni PfSnf2L wa jamii ya ISWI, ambaye kimelea hakikui bila yeye ndani ya chembe nyekundu. Hapo anza na kiasi katika hatua mbalimbali za kimelea, kisha uende kwenye kujizuia ukipata protini. Jiandae tu kwamba karibu asilimia 80 ya DNA ya kimelea hicho ni A na T, na praima nzuri, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zitakusumbua kuzipata.

Kwa yeyote atakayechagua njia ya kingamwili: omba sampuli ndogo ya kujaribia kabla ya kununua chupa nzima, na ijaribu kwenye seli zilizokatwa jeni ya protini hiyo. Mstari ukitokea palepale kwenye jeli ya seli hizo, kingamwili hiyo inashika kitu kingine, na ni nafuu kulijua hilo kabla ya kulipia.